Mawe ya Juu: Habari ya Ukuta wa Bustani Yetu

Ndugu Mhariri ameniomba niandike kurasa chache za historia kwa ajili ya toleo hili la mkutano wetu, akapendekeza niandike juu ya watawala wa Karagwe, kwa kuwa somo hilo ndilo nililofundisha kwa miaka mingi. Namwomba radhi. Juu ya Rumanyika na wageni wake wameandika wengi, nami nitamgusa kidogo tu njiani. Nimechagua kuandika habari ya ukuta: ule ukuta wa nusu duara unaozunguka bustani ya maua mbele ya bwalo, ambao kila mmoja wetu amewahi kuukalia akisubiri kengele ya chakula. Sababu yangu ni hii. Miongoni mwa mapendekezo yaliyofikishwa kwenye kamati ya mkutano limo moja lisemalo kwamba ukuta huo ubomolewe wote, ujengwe mwingine wa matofali ya saruji, kwa kuwa ulijengwa vibaya tangu mwanzo. Jambo hilo si kweli, nami ni mmoja wa watu wachache waliobaki wanaojua kwa nini si kweli.

Nianze na mawe yenyewe. Mawe ya juu ya ukuta ule, yale mapana tunayokalia, yalitoka kwetu Nyabiyonza. Wanafunzi wa sasa wanaosoma jiografia watakuwa wamekutana na jina la mfumo wa miamba uitwao Karagwe-Ankole. Ni miamba iliyoanzia kama tope na mchanga chini ya maji, zaidi ya miaka milioni 1,000 iliyopita, kisha ikagandamizwa, ikapata joto, ikakunjwa kama mkeka. Inaenea kutoka huku kwetu hadi Ankole ya Uganda, Rwanda na Burundi, na ndani yake ndimo yanamochimbwa madini ya bati ya Kyerwa, ambayo tangu mwaka 2012 ni wilaya inayojitegemea. Kwa kuwa ilianza kama tope lililotandazwa tabaka juu ya tabaka, mingi ya miamba hiyo hupasuka kwa ubapa. Ukienda kwenye migongo ya vilima vyetu utaona mawe yamelala kama vitabu vilivyoangushwa. Mengine ni laini, ukiyapiga kwa nyundo hutoa mlio mzito kama wa chungu chenye ufa, hayo hayafai. Mengine ni magumu, hulia kama kengele. Fundi wetu aliyachagua kwa sikio kabla hajayatazama kwa jicho.

Ajabu ni kwamba pamoja na utajiri huo wa mawe, wazee wetu hawakuwa wajenzi wa kuta za mawe. John Hanning Speke alipopokewa na Rumanyika mwezi wa Novemba 1861, na Stanley alipofika mwaka 1876, waliyoyakuta yalikuwa majengo ya miti, matete na nyasi. Sifa ya Karagwe ilikuwa chuma; wale ng'ombe wadogo wa chuma wa hazina ya mfalme ni ushahidi tosha. Lakini asidhani mtu kwamba nyumba ya msonge haikuwa na elimu ndani yake. Msonge ni duara, na nyasi zake hushuka zikapita ukingo wa nyumba ili maji ya mvua yadondoke mbali. Mambo hayo mawili, duara na kutokeza, ndiyo nitakayoyarudia katika habari hii, maana fundi wetu alikuwa mtu aliyezaliwa ndani ya msonge, na sidhani kama aliona tofauti kubwa kati ya kuezeka nyumba na kumaliza juu ya ukuta.

Ukuta ulijengwa mwaka 1984. Wenzangu wa rika langu hawana haja ya kukumbushwa mwaka ule ulikuwaje. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha miaka mitano nyuma, lakini nchi ilikuwa bado inavilipia. Mwaka uliotangulia, 1983, palikuwa na ile kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, na bado sabuni, chumvi na betri za redio zilikuwa bidhaa za kuulizia kwa sauti ya chini. Saruji ilipatikana kwa kibali. Viwanda vilikuwa mbali, Wazo Hill, Tanga na Mbeya, na mfuko uliotoka Dar es Salaam ilibidi usafiri kwa reli hadi Mwanza, uvuke ziwa kwa meli hadi Bukoba, kisha upande lori mpaka kwetu, kama haukulowana au kupotea njiani. Shule ilipata mifuko miwili. Miwili tu.

Kwa hiyo fundi alijenga ukuta kwa mawe ya kawaida na udongo, kimo cha mita 1.2 na unene wa sentimita 40, akaiweka saruji kwa ajili ya juu. Wapo waliocheka kwamba ukuta wa udongo hauwezi kudumu. Unaweza. Ukuta wa mawe na udongo hauogopi uzito, wala hauogopi jua. Unaogopa maji yanayoingia kutoka juu. Maji yakiingia, udongo huvimba, hulainika, kisha hutiririka nje polepole, na mawe ya pande mbili hubaki hayana kinachoyashika; siku moja tumbo la ukuta hutokeza kama la mtu mwenye safura, na baada ya hapo ni suala la mvua moja kubwa. Kwa hiyo mawe ya juu si pambo. Ni paa.

Hapa naomba nitoke kidogo nje ya Karagwe, maana historia ya kuta za Afrika yafaa ijulikane kwa vijana wetu. Ng'ambo ya Ziwa Viktoria, katika Migori nchini Kenya, kuna boma la mawe liitwalo Thimlich Ohinga, ambalo UNESCO iliingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Kuta zake ni za mviringo, nyingine zapita mita 4 kwa kimo, wala hamna saruji wala udongo ndani yake: mawe yamepangwa upande wa nje, mengine upande wa ndani, na katikati yakajazwa madogo. Kusini zaidi iko Zimbabwe Kuu, ambayo ua wake mkubwa una ukuta wa mviringo wa takriban mita 250 kuuzunguka, mahali pengine mita 11 kwenda juu, na sehemu ya juu yake imepambwa kwa mawe yaliyopangwa kwa mstari wa mshazari kama msuko wa ukili. Nao haukuunganishwa kwa kitu chochote. Katika kuta za namna hiyo, mvua hupita katikati ya mawe ikatoka zake bila kudhuru, na kazi ya mawe ya juu ni kukandamiza na kuzishika pande mbili zisiachane. Pwani mambo ni mengine. Kilwa Kisiwani, aliyofika Ibn Battuta mwaka 1331, ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Paa zilipoanguka, vichwa vya kuta vikabaki wazi, maji yakaingia, mbegu zikaota, mizizi ikafanya kazi ya tindo. Mji ule uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, ukawekwa katika orodha ya hatari mwaka 2004, ukaondolewa humo mwaka 2014 baada ya matengenezo. Yeyote anayetengeneza magofu ya namna ile hana budi kushughulikia vichwa vya kuta mapema, la sivyo anakarabati chini huku juu panaoza.

Ukuta wetu, basi, ulikuwa jamaa wa karibu wa kuta za Kilwa kuliko zile za Zimbabwe, ingawa kwa umbo ulifanana na za Zimbabwe. Na umbo hilo ndilo lililoleta taabu.

Fundi alipigilia kigingi katikati ya bustani, akafunga kamba, akaizungusha. Ukingo wa nje wa mawe ya juu ulikuwa mita 6 kutoka kwenye kigingi, na ukingo wa ndani mita 5 na nusu. Yaani jiwe la juu lilikuwa na upana wa sentimita 50 juu ya ukuta wa 40, ili litokeze sentimita 5 kila upande, kama nyasi za msonge. Sasa wanafunzi wa hesabu wanifuate. Nusu ya mzingo wa nje ni mita 18.85. Nusu ya mzingo wa ndani ni mita 17.28. Tofauti ni mita 1 na sentimita 57. Ukiweka mawe ya mraba, yenye pembe sawasawa, yakagusana upande wa ndani, basi hiyo mita moja na nusu na ushei haina mahali pa kwenda isipokuwa kuwa mianya upande wa nje, kila mwanya kama kipande cha mkate kilichokatwa kwa mshazari. (Jambo la kupendeza, ambalo sikuligundua mpaka nilipokuwa mwalimu, ni kwamba tofauti hiyo haibadiliki hata bustani ikiwa kubwa kama uwanja wa mpira: kwa nusu duara, ni upana wa jiwe mara pai, basi.) Waliojenga Zimbabwe Kuu walilikwepa tatizo hilo kwa kutumia mawe madogo, maana jiwe likiwa dogo mwanya nao huwa mdogo. Fundi wetu hakutaka mawe madogo juu, kwa sababu kila kiungo ni mlango wa maji. Alitaka mawe makubwa na viungo vichache. Alihesabu mawe 31, kila moja sentimita 60 upande wa nje na 55 upande wa ndani.

Kwa hiyo kila jiwe lilipaswa kuchongwa. Alikuwa akilaza jiwe chini, akivuta kamba mbili kutoka kwenye kigingi zipite juu yake, akichora kwa mkaa pale kamba zilipopita, kisha akikaa na tindo na nyundo. Kila kiungo kilitazama kigingi. Chini ya jiwe, karibu na ukingo, alichimba mfuo mdogo ili tone la maji likifika hapo lishindwe kurudi ndani, lidondoke. Na kila jiwe alililaza kwa mteremko mdogo kuelekea bustanini, sentimita 2 tu, akisema kwamba maua nayo yapate chao. Jiwe moja lilikuwa mzigo wa wavulana wawili. Siku nzima alimaliza mawe mawili, siku nyingine moja.

Alikuwa amekwisha kuchonga na kuweka mawe 19 alipoletewa habari ya msiba kwao Nyabiyonza. Ilikuwa mwezi wa Oktoba na mahafali yalikuwa yamekaribia. Alifunika sehemu iliyobaki kwa majani ya migomba, akaegemeza mawe 12 ambayo hayajachongwa kwenye mti, akasema anarudi baada ya matanga. Alisema nisubiri. Aliniambia mimi, kwa sababu nilikuwa kidato cha tatu, kiongozi wa zamu ya kazi za mikono, na pia kwa sababu tulikuwa watu wa kijiji kimoja na baba yangu alimjua.

Sikusubiri. Hakuna mwalimu aliyeniamuru wala kiongozi aliyenishurutisha. Niliona tu kwamba mgeni rasmi atapita hapo, na kwamba ukuta wenye majani ya migomba juu yake ungekuwa aibu, na, niseme kweli, niliona kwamba kazi ya fundi si kitu cha kumshinda kijana anayesoma Elimu ya Kujitegemea na kupata alama nzuri. Jumamosi moja mchana tuliyaweka mawe yote 12. Hatukuchonga hata moja. Tuliyagusanisha upande wa ndani, na mianya ya nje tukaijaza saruji. Saruji iliyobaki ilikuwa haifiki nusu debe, hivyo tukaiongeza mchanga mpaka ikatosha. Nakadiria sehemu 1 kwa 10, wakati yeye alichanganya 1 kwa 3. Mteremko hatukuweka. Nilitumia pima maji, nikajivunia sana kwamba mawe yangu yalikuwa sawa kuliko ya fundi. Wala hatukuumwagilia maji siku zilizofuata, kama alivyofanya yeye kwa siku saba kwa kila kipande. Siku ya mahafali ukuta ulipendeza, na mgeni rasmi aliusifu.

Fundi aliporudi alizunguka ukuta mara moja. Alipitisha kidole kwenye viungo vyetu. Alisema yafaa mawe yale yaondolewe, lakini saruji ilikuwa imekwisha na waliokuwa wakishika fedha hawakuona sababu ya kuondoa kazi iliyosifiwa. Nusu ya malipo yake ilizuiwa mpaka ukuta upite masika. Hilo lilikuwa katika mapatano, na kama ukuta ungekuwa wake wote lilikuwa jambo la haki.

Mwezi wa Aprili 1985 ukuta ulipasuka usiku. Asubuhi tulikuta mawe yamelala katika maua, na tope jekundu limetambaa hadi kwenye ngazi za bwalo. Nilikwenda kuhesabu kabla ya mtu yeyote, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kujua. Yalikuwa yameanguka mawe 12. Sehemu ya mawe 19 ilisimama kama ilivyoachwa. Fundi aliitwa, akaja, akauliza ni nani aliyeweka mawe yale. Nilikuwa nimesimama umbali wa hatua tatu kutoka kwake. Sikujibu, na wenzangu hawakujibu. Akachukua timazi yake na mwiko wake akaondoka. Nusu ya malipo haikutolewa. Katika daftari la kazi iliandikwa kwamba ukuta umeanguka kwa sababu ya ufundi duni, na sentensi hiyo ndiyo chimbuko la pendekezo lililoko mbele ya kamati leo, kwa maana kila aliyetaka kujua habari ya ukuta huo alisoma daftari. Mimi ni mwalimu wa historia. Nimewafundisha watu miaka mingi kuamini maandishi. Yafaa niseme kwamba maandishi haya ni ya uongo, na aliyekuwa na ukweli alinyamaza.

Sehemu iliyoanguka ilijazwa baadaye kwa matofali na plasta, ndiyo hiyo mnayoiona yenye nyufa. Miaka ikapita.

Mwaka 2001, nikiwa likizoni Nyabiyonza, nilipiga moyo konde nikaenda kwake. Nilimwamkia, "Shikamoo Mzee," akaitika, "Marahaba, mwanangu," akanikalisha, akaagiza niletewe kahawa za kutafuna. Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema alijua tangu siku ile ya kidole, kwa sababu mtu mmoja tu pale shuleni ndiye aliyekuwa na pima maji. Nilimwuliza kwa nini hakunitaja. Akasema baba yangu alikuwa bado hai. Hakusema zaidi juu ya hilo.

Kisha alinichukua nyuma ya nyumba. Kulikuwa na ukuta, mdogo kuliko wa shule, umepinda kufuata mteremko wa kilima, ukizuia udongo wa bustani ya mboga usishuke. Aliujenga, aliniambia, mwaka ule ule wa 1985, kwa mawe ya huko huko na udongo, na juu yake yale mawe mapana yenye kukatwa kwa mshazari. Hakuwa na saruji hata kidogo. Viungo alikuwa amevibana sana, akavijaza udongo wa kichuguu. Ukuta ulikuwa na umri wa miaka 16 na mvua za Karagwe, za masika na za vuli, hazikuupunguzia kitu. Nilipima kwa kanda yangu: kila kiungo kilielekea mahali pamoja, na pale nilipofuata kamba nikakuta kigingi cha zamani, kimeoza mpaka usawa wa ardhi. Alinipa tindo na jiwe moja, akanikalisha chini ya mgomba nilichonge. Nililichonga siku mbili. La kwanza lilipasuka. La pili alilikubali, akalitupa kwenye rundo la mawe mengine bila kusema neno, na nadhani ile ndiyo cheti ninachokithamini kuliko vyeti vyangu vyote.

Amekwisha kufariki. Ukuta wake ungali umesimama. Nilikwenda kuutazama mwezi uliopita kabla ya kuandika maneno haya. Jina lake silitaji hapa kwa kuwa wanawe hawakuniruhusu, nao wana sababu zao. Kuhusu nusu ya malipo, tumekwisha kuonana na kulimaliza.

Kwa kamati nina maombi mawili. La kwanza ni kwamba sehemu ya mawe 19 isiguswe. Imesimama zaidi ya miaka 40, imekaliwa na maelfu ya wavulana, na haina ufa. Sehemu ya mawe 12 ibomolewe, ijengwe upya, na mawe yake yachongwe. Yale ya zamani yapo, nimeyahesabu nyuma ya ghala: yaliyo mazima ni 9, na matatu ya kujazia yanaweza kupatikana Nyabiyonza kwenye mgongo wa kilima kile kile. Safari hii saruji ipo dukani, haina haja ya kibali. Hivyo hatutakuwa na kisingizio. Ombi la pili ni kwamba katika daftari la kazi, pembeni mwa sentensi ile ya 1985, iandikwe kwamba mawe yaliyoanguka yaliwekwa na wanafunzi, na jina langu liandikwe.

Kwa wanafunzi wa sasa: mahali pa kigingi nimekwisha kupapata kwa kuvuta kamba kutoka kwenye viungo vya mawe 19, na nimepigilia chuma kifupi katikati ya bustani, karibu na waridi jekundu. Tafadhali msiking'oe, wala msikigonge na mashine ya kukatia majani, maana kamba ya mawe 12 itafungwa hapo.